Watakaolala Hapa

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi jioni, siku moja kabla ya sensa, baba aliponituma. Yeye ndiye balozi wa nyumba kumi hapa kwetu Nangara, na mafua yalikuwa yamemkausha sauti.

"Zungukia waliobaki, mama," alininong'oneza. "Waambie kesho wasitoke, wamsubiri karani."

Kunituma mimi! Mimi ambaye darasani nikiitwa jina, naitika mwalimu akiwa ameshaita mengine matatu.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya bibi jirani yetu, mjane anayeishi peke yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sema kwa nguvu, mjukuu wangu. Baba yako kakauka sauti, halafu kamtuma asiyekuwa nayo kabisa!"

Nilicheka, nikapata nguvu kidogo. Nikamweleza kwamba mkoa wetu ni mpya, zamani tulihesabiwa ndani ya Arusha, sasa Manyara inataka kuwajua watu wake. Alifurahi. Akasema basi aandikwe yeye na wanawe saba.

"Hapana, bibi. Wanaandikwa watakaolala hapa usiku wa leo tu."

"Kwa hiyo mimi ni mmoja?"

"Ndiyo."

"Nizae saba, halafu Manyara inione tasa?"

Jibu nilikuwa nalo. Wanawe nao wangeandikwa, kila mmoja kwake, na hakuna ambaye angemwita tasa. Lakini nilipotaka kulisema, yeye alikuwa ameshajifunga kitenge. Alikwenda kuwaita binti zake wa Bagara na Nakwa, waje walale kwake.

Giza lilipoanza kuingia nilimwona anarudi. Hakuwa na mtu.

"Mmoja anasema mumewe hataki nyumba yake ipungue," aliniambia. "Mwingine kanicheka tu." Akanishika mkono. "Basi lala wewe. Angalau tuwe wawili."

Nilitaka kweli. Nilikimbia nyumbani kuomba ruhusa, na baba sauti ikamrudia ghafla.

"Ulale huko? Nyumba ya balozi ipungue mtu? Watu watasemaje?"

Nilimtazama mama. Akaendelea kuchambua maharage.

Sikurudi hata kumwambia bibi kwamba nimekataliwa. Niliona aibu. Nikiwa kitandani niliona mwanga wa koroboi yake bado unatoka mlangoni. Alikuwa hajafunga. Nikageukia ukutani.

Asubuhi sikungoja kutumwa. Nilikwenda nikakaa naye kwenye benchi la nje. Aliitikia shikamoo yangu. Karani alipofika, alitutazama sote.

"Hapa mmelala wawili?"

Nilitamani aseme ndiyo. Nilitamani sana.

"Hapana, mwanangu," bibi alisema. "Huyu amekuja sasa hivi."

Nikainuka kwenye benchi ili karani apate pa kukaa.