Bakteria wa Shamba la Shemeji

Watu walimwita Bwana Udongo, naye jina lilimkaa vizuri. Kazi yake katika kituo cha utafiti ilikuwa kukuza bakteria wanaokula dawa ya kuua magugu. Aliwafuga kwenye mapipa, akiwalisha molasi na kuwasifia kwa wageni kama baba mwenye watoto wanaofaulu shule.

Shamba la shemeji yake, mjane wa kaka yake, lilikuwa limejaa dawa hiyo. Marehemu alipenda njia ya mkato: akiona magugu mawili, anamaliza pampu nzima. Sasa hata maharage yakiota yalitoka ya njano, yakafa. Bwana Udongo akajigamba mbele ya ukoo mzima kwamba atalifufua.

Maji ya bomba yana klorini, dawa ya kusafishia maji, nayo huua bakteria. Sharti kwanza yalale wazi kwenye pipa mpaka itoke. Wenzake kazini aliwaimbia hilo mpaka wakachoka naye. Lakini siku ya kumwagilia kwa shemeji kulikuwa na mpira, naye amechelewa. Akafungua bomba, akachanganya na bakteria papo hapo, akamwaga, huyoo uwanjani.

Maharage yakatoka ya njano tena. Mtaalamu wa kituo akasema udongo ule umeshindikana, na Bwana Udongo, msemaji mkubwa, akafyata ulimi. Aliona aibu, na aliiona kwa haki.

Kisha akasikia shemeji anamuuzia mfyatua matofali udongo wote. Ukishachimbwa, ndiyo basi tena. Akakimbia, akamkuta fundi anavuta kamba ya kupimia shambani.

"Shemeji, usiuze! Udongo hauna kosa. Bakteria niliwaua mimi. Niliwatia maji ya bomba yenye klorini, sikuyalaza."

"Uliwaua lini?"

"Siku ileile niliyowaleta."

Shemeji akakaa juu ya tuta. "Nami nikadhani mkono wangu una nuksi. Kila asubuhi napita hapa nawaamkia, nawabembeleza, jamani kuleni. Kumbe naamkia maiti!"

Mfyatua matofali akaangua kicheko. Shemeji hakucheka. Bwana Udongo akatamani ardhi immeze, ingawa ardhi ile ilikwisha kumeza ya kutosha.

"Nisamehe, shemeji."

"Fundi, kunja kamba yako," mjane akasema. Kisha, bila kumtazama Bwana Udongo: "Lete wengine. Ila maji nitateka mimi."