Kilichoitika kwenye Waya

Dorine, fundi wa mitambo, alikuwa amemwapia Mama Agathe kwamba kisanduku alichokifunga kando ya ziwa hakisikilizi watu. "Inapima maji tu, mama. Ziwa ikipanda, inatuma habari, munahamisha vitu mapema."

Mama Agathe, mkubwa wa wanawake wanaoanika ndagala, dagaa wa ziwani, pale Makobola, alikitazama kisanduku kama mtu anayemtazama mgeni asiyetaka kusema kwao ni wapi. "Watu walishaka kuja hapa na vitu mingi," alisema. "Kila mara wanasema iko ya kutusaidia."

Kisanduku kile kikavunjwa na mawimbi. Shirika la tahadhari ya mafuriko lililomwajiri Dorine likaagiza vingine, na Frédéric, mfanyabiashara wa mtaa wa Kimanga, akavileta kupitia Bujumbura. Kwa nje vilikuwa vilevile. Ndani, kadi ya elektroniki ilikuwa nyingine, na Dorine alipoiwasha, mfumo unaoiendesha haukukiona kipima maji kabisa.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba Frédéric ameleta bandia. Kisha akaifuata mishipa ya kadi kwa kioo cha kukuzia, akaelewa. Vipande vya kadi huzungumza kupitia njia ya nyaya mbili, na kila kipande huitika namba yake, kama nyumba za mtaa mmoja. Lakini kiini cha mfumo, programu inayovitawala vipande hivyo, hakibahatishi. Njia ambayo hakijaelezwa, kwake haipo. Kadi ya zamani ilikuwa na njia moja. Hii ilikuwa na ya pili, na kipima maji kilikaa huko.

Basi akakiandikia kiini maelezo mapya: njia ya pili iko hapa, inaendeshwa hivi, kipima maji kinaitwa kwa namba hii. Akakosea, umeme ukakatika, akarudia. Hatimaye alikizamisha kipima maji kwenye ndoo, na kipimo kwenye kioo cha kompyuta kikapanda. Akapiga vigelegele peke yake.

Kwa mazoea tu, akaita namba zote za njia ile. Kipima maji kikaitika. Na kitu kingine kikaitika.

Akageuza kadi. Upande wa chini kulikuwa na kipande kidogo cheusi, na maandishi yake yamekwanguliwa. Alikuwa ameapa juu ya kisanduku, na sasa ndani yake kulikuwa na kitu asichokijua.

Alimkuta Frédéric dukani akifunga makartoni, akamwita yaya, kama mdogo amwitavyo kaka mkubwa. "Yaya Frédéric, hii kadi iko na kitu siijue. Nani alikwangua jina yake?"

"Minye naletaka tu, sifunguake." Kisha mkono wake ukasimama juu ya kamba. "Weye unanishuku minye?"

Dorine alikuwa tayari anayakagua makartoni yake kwa macho, moja baada ya jingine.

Alirudi nyumbani akakisoma kipande chenyewe kwa kompyuta. Kilitoa tarakimu. Akakisoma tena, zikawa zimesogea. Akalinganisha na simu yake. Ilikuwa saa, ya kutunza muda betri ikiisha. Saa tu! Akacheka, kisha akaacha kucheka. Nani anakwangua jina la saa? Labda kiwanda kinaficha siri zake kwa washindani. Hata hivyo akaigeuza kadi tena, akautazama ule mkwaruzo.

Angeweza kunyamaza. Lakini alipokwenda Makobola kufunga kisanduku kipya, alimweleza Mama Agathe yote.

Mama Agathe alisikiliza hadi mwisho. "Na unajua aje kama haiko kitu ingine inajifanya saa?"

Yote Dorine aliyoyajua juu ya kipande kile, kipande chenyewe ndicho kilichomwambia.

"Sijue, mama."

Aliomba jiko la mkaa, akapasha chuma cha kulehemu, akakibandua kipande mbele ya wanawake wote. Mfumo ungechukua saa kutoka kwenye mtandao wa simu. Mama Agathe alikipokea kwa ncha za vidole, akakitupa kwenye makaa. Kisanduku kikafungwa, kikapima vizuri. Hata hivyo, kesho yake wanawake walihamisha vichanja vyao vya ndagala, wakavisogeza mbali na kisanduku, kule ufukweni.

Kwa Frédéric, Dorine alikwenda kuomba msamaha. Alipewa kiti, akapewa chai. Lakini tangu siku hiyo, kila mzigo wa kadi ukifika, Frédéric humwita aje kushuhudia ukifunguliwa. Hukata kamba, hurudi nyuma hatua kadhaa na kukunja mikono.

"Angalia muzuri, dada," husema, bila kutabasamu.