Shuka Nyeupe Kiwanjani Mnazi

Enzi za vijiji vya ujamaa nilishuka kutoka kwetu Malindi, ile ya milimani si ya pwani, kwenda Mnazi bondeni, kuwa mlinzi wa kiwanja cha ndege. Kazi niliipata kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Kiwanja chenyewe kilikuwa ardhi iliyoshindiliwa, na mlingoti wenye mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo. Kila Jumanne ndege ndogo ya injini mbili ilituletea dawa.

Mwaka mmoja shamba la kijiji lilizaa sana, na hapakuwa na mahali pengine pagumu pa kuanika mahindi. Mwenyekiti wa kijiji akaniomba nusu ya kiwanja. Ilikuwa Ijumaa, Jumanne iko mbali. Nikakubali bila kumwuliza mtu.

Kesho yake mchana, siku isiyo yake, ndege ikatokea upande wa milima ya Mtae, chini kuliko kawaida. Pangaboi la kushoto lilikuwa limesimama, magurudumu yameshatoka. Nikakimbilia katikati ya kiwanja nikipunga shuka nyeupe: zunguka kwanza, tuyaondoe. Nilijiambia injini moja ipo, itambeba.

Rubani hakunijali. Alinipita kichwani, akavuka mahindi, akagusa ardhi nusu ya kiwanja ikiwa imekwisha, akasimama pua ya ndege ikiwa ndani ya miiba.

Aliposhuka nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, mguu wa kulia ukimtetemeka.

“Ni wewe uliyekuwa ukinipungia nizunguke?”

“Ni mimi. Na mahindi niliyaruhusu mimi.”

Akakaa chini, akanieleza. Alikuwa akienda kwingine injini ilipomfia milimani, na kiwanja changu ndicho kilichokuwa karibu. Injini ya kushoto ikifa, ndege huvutwa kushoto. Mguu ule ulikuwa umekandamiza pedali ya kuinyoosha tangu milimani. Na ikishapunguza mwendo karibu na ardhi, magurudumu nje, injini moja haiwezi kuipandisha tena. Ukiilazimisha, inapinduka.

“Ningekutii, kijana, sasa hivi mngekuwa mnanichambua kwenye mahindi yenu.”

Hakunishtaki. Siku tatu za kumngoja fundi alishika ufagio, tukayazoa mahindi pamoja.

Nimekosea mengi maishani, na mengine hakuna aliyeyazuia. Kwa lile namshukuru mpaka leo kwamba hakunisikiliza. Tangu siku hiyo, kila Jumanne alipita kwanza juu, injini zote mbili zikinguruma, akikikagua kiwanja. Nami nilisimama chini ya mlingoti, mikono nyuma, mpaka atue.