Kitabu Kisicho na Picha

Wahida binti Kitwana wa Dunda haoni tangu surua impofushe akiwa na miaka sita, lakini kwenye mapokezi ya zahanati anakofanya kazi hakuna anayemfikia. Anakujua kwa sauti kabla hujamaliza salamu. Mwaka huu kompyuta zikabadilishwa, ukaletwa mfumo wa Linux, na mkuu wake, Bwana Haidar, akampa wiki tatu ajifunze. Akishindwa, kiti hicho atapewa mwingine.

Kujifunza hakukumtisha. Kompyuta ilikuwa na programu ya kumsomea kwa sauti kila kilichoandikwa. Shida ilikuwa kupata cha kusomewa. Mwongozo wa ofisini ulikuwa kurasa themanini zilizopigwa picha, na programu haisomi picha, ikakaa kimya. Vingine alivyovipata mtandaoni vilimwambia, "Tazama mchoro wa nne, bofya alama nyekundu." Nyekundu! Mwenye macho haambiwi tazama. Iweje aambiwe asiye nayo?

Wiki mbili zikapita hivyo. Chakula kikawa hakimpiti kooni. Mwishowe akampigia Msabaha wa Pangani, aliyesoma naye shule ya wasioona, sasa ni mwalimu.

"Dada, mbona umenyamaza muda wote huo?" Msabaha alimlaumu. "Mimi nilisota na Linux mwaka mzima, nikaandika kijitabu ili mwingine asisote. Nakutumia sasa hivi."

Kilikuja kwenye simu, Kiswahili kitupu, maneno matupu: bonyeza hiki, utasikia hiki. Wahida alisikiliza ukurasa wa kwanza akalia kwa furaha.

Kesho yake asubuhi alikaa barazani akikariri kwa sauti, kama walivyokariri Kurani chuoni utotoni. "Tabu mara mbili, kisha Enta. Tabu mara tatu..."

Mama yake, Bi Bimdogo, akatoka jikoni na unga mikononi. "Mwanangu we, tabu zote hizo za nini?"

"Ni kitufe, mama. Kinaitwa Tab."

"Basi wamekipa jina baya. Mungu akuepushe nacho."

Wahida akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Asubuhi hiyo alikula vitumbua vitano.

Siku ya mwisho Bwana Haidar alisimama nyuma ya kiti chake. "Haya, niandikie barua yoyote, uihifadhi, kisha uichape."

Wahida akaandika, printa ikatoa karatasi, Haidar akasoma:

"Kwa Mkuu wa Zahanati. Naomba mwongozo ujao uwe wa maneno, si wa picha. Nilikaribia kupoteza kazi kwa kukosa cha kusoma, si kwa kukosa akili. Wahida Kitwana, Mapokezi."

Wahida akaanza kujuta. Ulimi wake umemponza mara nyingi. Kisha akasikia kalamu ikikwaruza karatasi.

"Nimekubali ombi," Haidar alisema. "Unisamehe, dada. Na hapo ulipoandika Mapokezi, pabaki hivyo hivyo."

"Alhamdulillahi!" alisema Wahida, kwa sauti iliyowafanya hata wagonjwa kwenye benchi waitikie.