Mchezo wa Fundi Mponda

Juzi pale Mwenge bati lilidondoka toka kwenye guta la mizigo, nikamkumbuka fundi Mponda, seremala wetu wa Temeke aliyewahi kupigana vitani.

Mchana mmoja, nikiwa bado mtoto, karakana yake ilinukia vanishi na mbao mbichi. Vijana wa kijiweni walibamiza bati kwa makusudi, kama kawaida yao. Mponda alinirukia, akanilaza kwenye maranda, akanifunika kwa mwili wake. Wakacheka mpaka machozi. Baba yangu, aliyeleta kitanda kitengenezwe, akacheka nao.

Nilidhani ni mchezo.

“Babu, tena!” nikasema.

“Tulia, mjukuu wangu, watatusikia,” alininong’oneza, huku anatetemeka na jasho lake likinidondokea shingoni.

Baba akawageukia wale vijana. “Pigeni tena, mtoto kapenda.”

Wakapiga.