Ulimi wa Kuazima

Mama mkwe wake Rohayu, mtwanga uduvi wa pwani ya Kedah, siku hizi hukaa upande unakotoka upepo, glavu mikononi, kitambaa puani. Mikono ni ile ile: inatwanga, inageuza, inafinyanga mikate ya belacan, kiungo cha uduvi uliochachushwa. Zamani alionja kila kinu. Leo huinua donge usawa wa macho, ulimi ukicheza mdomoni, kisha hulishusha. Daktari alimweleza kwamba kinga ya mwili wake imekosea, imeudhania uduvi kuwa adui, na kila ukiingia inamwaga kemikali zinazovimbisha midomo na kubana koo. Mama mkwe akamaka: “Askari niliowalisha uduvi tangu utotoni ndio wananigeuka? Hawana adabu!” Sasa Rohayu ndiye anayemwonjea.

“Tamu, mama.”

“Tamu, tamu! Hata embe ni tamu. Tamu vipi?”

Rohayu akafikiri. “Chumvi inatangulia. Halafu bahari. Halafu inabaki nyuma ya ulimi, kama nyama ya kuchoma.”

Mtwanga uduvi akafumba macho. “Hapo hapo. Usimeze haraka, mwanangu. Tafuna polepole.”

Rohayu akatafuna polepole. Aliyemeza kwanza, mate tu, ni mama mkwe.