Mti Uliompumulia Enoka

Mti wenyewe ulifika kijijini Isansa, huko Mbozi, ndani ya kopo la jamu. Enoka aliubeba kutoka migodi ya shaba huko Rodesia ya Kaskazini, juu ya lori, kopo kati ya magoti, akiunywesha maji yake ya kunywa mpaka midomo yake mwenyewe ikapasuka kama tope la kiangazi. Pale mpakani Tunduma askari alimwuliza amebeba nini, naye akajibu amebeba mgonjwa. Askari alichungulia ndani ya kopo, akatikisa kichwa kwa huruma, akampisha. Kilikuwa kijiti kimoja tu chenye majani mawili ya kijivu, yamelegea kama masikio ya mbuzi aliyenyeshewa.

Mkewe Yunisi alikuwa anangoja blanketi na kaniki. Alivipata, lakini kwanza alikabidhiwa kopo alishike kwa mikono miwili. Enoka akamweleza kwamba huko Nkana kazi yake haikuwa kuchimba. Alikuwa mtunza bustani wa bwana mkubwa wa mgodi, na mke wa huyo bwana aliupenda mti huu, aliouita badleya, kuliko alivyompenda mumewe. Pamoja na mapenzi yote hayo, kila mwaka alisimama hapo mwenyewe kuhakikisha umekatwa bila huruma.

"Kabla ya mvua, ukate mpaka usawa wa goti," Enoka alimwambia. "Maua yake yanakaa kwenye matawi mapya tu. Ukiuonea huruma unageuka kuni."

Akaupanda karibu na mlango wa jiko, pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa. Akamwonyesha Yunisi pa kupitisha kisu, juu kidogo ya jicho la tawi, pale linapochipukia, kwa mshazari ili maji yasitulie kwenye kidonda. Halafu akarudi ng'ambo. Safari hii alikwenda kushuka chini kabisa, kwenye mwamba, kwa sababu wanaochimba walilipwa zaidi ya wanaotunza maua. Binti yao Nesta alikuwa bado anang'oka meno ya utoto.

Mti ulishika. Mwaka wa pili ulimpita Yunisi kimo, ukatoa maua ya zambarau marefu kama mikia ya paka, yenye harufu ya asali, na vipepeo wakaja. Isansa iliona vipepeo. Nasikia mbuzi akipita pale alitoka amevaa kanzu ya rangirangi, na mwenye mbuzi akapita huku na huko akiuliza nani amemwona mbuzi wake. Watu wakauita mti wa vipepeo.

Kisha akaja Yonasi, mtu wa kijiji cha jirani aliyekuwa mgodini pamoja na Enoka. Alimkuta Yunisi peke yake akitwanga. Hakuketi. Alimpa kisu cha Enoka cha kupogolea, kimefungwa kitambaa, akamwambia kwamba mwamba uliporomoka, Enoka alikuwa upande wa ndani, na wamemzika hukohuko. Yunisi alichukua pindo la nguo yake akalisukuma lote kinywani, akalitafuna, mchi bado mkononi. Alipolitoa, jambo la kwanza alilouliza ni nani mwingine anajua.

Kuuliza hivyo si kwamba alikosa moyo. Ng'ambo ya ua wa matete alikaa Danford, kaka yake Enoka, mtu wa ng'ombe. Enoka akifa, Danford angerithi nyumba, mibuni, mjane, na binti. Na binti alikwisha kuposwa kabla hata hajaacha kucheza. Kulikuwa na mzee mmoja huko chini Mkwajuni, Anania, aliyetajirika kwa kuwauzia nyama wachimba dhahabu wa Saza. Alikuwa na wake watatu na mashamba yaliyohitaji mikono ya wanne. Alikwisha kumwahidi Danford ng'ombe wa mahari.

Basi Yunisi alimwomba Yonasi aende zake na asiseme neno. Yonasi akaenda. Akarudi mgodini, na yeye naye hakuonekana tena. Habari ikabaki kwa Yunisi peke yake.

Kabla ya mvua alichukua kisu kile akaukata mti mpaka usawa wa goti. Danford akaja ametegemea fimbo, na kama ilivyo desturi ya mashemeji akaanza na utani.

"Mke wangu wa kesho, umekosa kuni kiasi hiki? Unachoma hata kumbukumbu ya mume?"

Yunisi hakuwahi kupungukiwa na uongo. Huyu ndiye aliyewaambia watu kwamba bibi yake alivuka mto Momba juu ya mgongo wa kiboko, na kiboko akamrudishia chenji. Lakini uongo wa siku hiyo ulimtoka bila kicheko.

"Huko chini ya ardhi hakuna hewa, shemeji. Wanaoshuka huacha pumzi zao juu, ndani ya mti. Ya Enoka ameiacha humu. Mimi naukata kichwa. Ukirudi na maua, jua yuko hai."

Danford alicheka, akaondoka. Mvua zikanyesha, kigogo kikavimba macho, matawi yakapanda kwa kasi hata ungedhani kuna mtu anayavuta kutoka juu, na baada ya Krismasi maua yakafunika mlango wa jiko. Danford hakucheka tena. Alipompeleka mshenga wa Anania kwa jumbe, jumbe alikuja mwenyewe kuutazama mti. Kipepeo akamtua puani. Jumbe akasema baba wa mtoto anapumua, na ng'ombe wa mtu anayepumua haliwi na mwingine.

Hivyo ndivyo Yunisi alivyobaki na bintiye, mwaka baada ya mwaka, kwa kisu cha maiti.

Lakini alilipa. Hakunyoa nywele, hakulala chini, hakuomboleza. Kanisani wakiwaombea walioko safarini alisimama pamoja na wake za wasafiri. Na Nesta, jioni akimaliza kuchota maji, aliketi kando ya mti akauhadithia mambo ya siku. Baba, leo ng'ombe wa baba mkubwa amezaa. Baba, nimeshona gauni. Yunisi alimsikia kutoka jikoni, akaongeza kuni mbichi, kwa sababu ndani ya moshi hakuna anayemwuliza mwanamke kwa nini anatokwa machozi.

Danford alikuwa mjinga wa mengi ila macho yake yalifanya kazi. Aliona kwamba Yunisi akikata, mti unanawiri, na mwaka alioumwa homa akachelewa kukata, maua yalikuwa machache. Akaenda kwa jumbe kwa upole sana. Akasema yeye sasa anaamini. Na kwa vile anaamini, anaogopa: itakuwaje mwanamke aachiwe kuweka chuma kwenye pumzi ya ndugu yake? Mkono ukiteleza je? Jumbe akaona neno hilo lina uzito. Likatoka tangazo kwamba atakayeugusa mti wa Enoka kwa kisu, panga au shoka atatoa fahali.

Yunisi aliitwa akaambiwa. Alitafuta uongo wa kujibu uongo wake, hakuupata.

Mwaka wa kwanza bila kisu mti ulirefuka ukapita paa, maua yakawa madogo, juu kabisa, ambako hakuna pua ya kuyafikia. Mwaka wa pili matawi yakawa magumu, ya chini yakapoteza majani, na upepo ukapasua moja mpaka kwenye shina. Watu wakaanza kusema Enoka anaumwa. Nesta aliacha kula vizuri. Alimwomba mama yake wampelekee baba dawa, na mama akajibu atatafuta mtu anayesafiri.

Ndipo Yunisi akakumbuka kwamba meno si chuma. Akawafungulia mbuzi wake. Alikuwa amewafungia na njaa tangu jana yake, wakaushambulia mti kama wageni wa harusi waliokosa chakula, wakaula, wakauvunja, mpaka wakaufikisha karibu na goti. Kama wangefanya hivyo mwezi wa kumi, huenda hadithi ingekuwa nyingine. Lakini hofu haikumruhusu kungoja. Ulikuwa mwezi wa sita. Mti ulijitahidi ukatoa vichipukizi laini, na asubuhi moja ya kipupwe Yunisi alifungua mlango akakuta Mbozi nzima nyeupe kwa sakitu, umande ulioganda, majani ya mibuni yameungua, na vichipukizi vya mti vimekuwa vyeusi kama utambi. Magome yaliyochunwa na mbuzi yakajikunja. Mti ukakauka.

Jumbe akaja tena. Safari hii hakuna kipepeo. Alisema hawezi kuamuru kilio kwa mtu ambaye habari yake haijaletwa na mtu mwenye miguu. Lakini msichana naye hawezi kungoja mti mkavu, basi baba yake mkubwa asimame mahali pa baba. Yunisi alikuwa amekaa hapo, kisu cha Enoka kimefungwa kiunoni ndani ya nguo. Angeweza kukitoa akasema. Lakini angesema nini? Enoka akiwa hajulikani alipo, Nesta anakwenda. Enoka akiwa amekufa, Nesta anakwenda vilevile, na yeye mwenyewe anaingia nyumbani kwa Danford. Akakaza fundo la nguo juu ya kisu.

Ng'ombe wa Anania walipandishwa kutoka Mkwajuni, na Nesta akateremshwa. Alipopita mlango wa jiko aligusa kigogo, akasema, "Baba, pona." Danford, kwa furaha ya siku ile, alichukua shoka akaufyeka mti wote karibu na ardhi, kwa kuwa kikavu si pumzi tena, ni kuni. Alichemshia pombe ya harusi.

Mvua zilipoanza, Yunisi alikuwa akimwaga maji ya vyombo. Aliona kitu cha kijivu pale chini. Aliinama. Halafu akaketi hapohapo kwenye matope. Shina lililokuwa mfu juu lilikuwa hai chini, na Danford, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa ameukata mti ulivyotaka kukatwa, kabla ya mvua. Mwezi wa pili ukatoa maua ambayo hata Enoka hakuwahi kuyaona. Nyuki walikuja, vipepeo walikuja, na watu walikuja wakasimama mbali.

Danford alikonda. Pombe aliyochemshia kuni zile alidai inamnguruma tumboni. Kila lori likinguruma barabara ya Tunduma aliacha kijiko, akasikiliza. Jioni moja alikuja mpaka kwenye ua, akauliza bila utani wowote.

"Shemeji, anakuja?"

"Sijaambiwa siku," alisema Yunisi, akaendelea kupepeta.

Alifurahi, tusimpake asali. Aliifurahia hofu ile kama mtu anayeota moto. Hakufikiri kwamba habari ina miguu mirefu, na kwamba njia inayoteremsha ng'ombe hadi Mkwajuni inateremsha na maneno.

Asubuhi moja ya ukungu, Nesta alitokea uani. Miguu imepasuka, tope mpaka mapajani, viganja vigumu kama vya mzee kwa jembe la Anania. Na alikuwa anacheka. Yunisi hakuwa amemwona anacheka hivyo tangu alipokuwa na mapengo.

"Mama, yuko wapi?"

"Nani?"

"Baba. Mkwajuni wote wanasema mti umetoa maua. Nimetoroka nije anione kwanza kabla hajaenda kunidai."

Yunisi alimshika mkono akamwingiza jikoni, akafunga mlango. Akafungua kiuno, akampa kisu. Akamweleza yote, Yonasi, mwamba, mwaka wenyewe, kwa maneno machache, na kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kusema hakuongeza hata chumvi ya kidole. Nesta akahesabu moyoni. Alikuwa akiuhadithia mti mambo ya siku, na baba mwenyewe alikwisha kufa zamani.

"Kwa hiyo hukuniacha hata nimlilie," alisema.

Akafungua kinywa. Yunisi akakiziba kwa kiganja, haraka, kama alivyojiziba yeye kwa pindo la nguo. Nje ya ua Danford alikuwa anakohoa.

"Shemeji," aliita, "huyo mtoto ameitwa na nani?"

Yunisi aliongea sikioni mwa binti yake. "Ukilia, baba yako amekufa leo, na kesho watakurudisha. Ukinyamaza, basi amekuita yeye. Chagua wewe. Mimi nilichagua peke yangu, na angalia."

Nesta alikaa na kiganja cha mama yake kinywani muda mrefu, mpaka kikalowa. Kisha akakiondoa. Akajifuta uso kwa kitambaa kilichofungia kisu, akafungua mlango, akatoka nje macho makavu, akasimama kando ya maua.

"Baba ameniita," alimwambia Danford. "Anasema ng'ombe wake warudi walikotoka."

Wakarudi. Waliokwisha kuliwa Danford aliwafidia kutoka zizini kwake, na aliwaswaga mwenyewe, mbio, kama mtu anayekimbizwa. Anania alipokea, hakuuliza mengi. Alikuwa amesikia habari za mti, na hakutaka mke mwenye baba anayepumua ardhini.

Mwaka uleule kabla ya mvua Nesta alikishika kisu. Alikata tawi moja moja, juu kidogo ya jicho, kwa mshazari, mpaka usawa wa goti. Danford aliyakusanya matawi kwa adabu bila kuambiwa, akayafunga mzigo. Watu waliopita walimsalimia Nesta, wakamwuliza baba hajambo, naye akawajibu hajambo.

Yunisi, ndani, aliweka kuni mbichi mafigani. Moshi ulipojaa mpaka mlangoni, akamwita binti yake aje amsaidie kupuliza moto.